Laptopu zijazo za RTX: tutavuka 8GB za VRAM, au ndiyo tumeshazoeshwa?

#1 MchoraRamani
Wakuu, heri ya Desemba 2025.

Nimejikusanya kununua laptopu ya kazi: Revit na Lumion (programu za michoro ya majengo) na video fupi za wateja. Macho yalikuwa kwa yenye kadi ya grafiki ya NVIDIA, RTX 5070. Nikafungua jedwali la sifa zake, nikakuta VRAM, yaani memori ya kadi yenyewe, ni 8GB. Nikarudi nyuma kuangalia ndugu zake. GTX 1070 ya laptopu, mwaka 2016: 8GB. RTX 2070, 2019: 8GB. 3070, 2021: 8GB. 4070, 2023: 8GB. 5070, mwaka huu wa 2025: 8GB. Mtoto aliyezaliwa siku moja na 1070 sasa anajua kugawanya kwa njia ndefu.

Mwezi ujao kuna maonyesho ya CES kule Las Vegas, na tetesi za matoleo ya Super (kadi zilezile zilizoboreshwa) yenye chipu za memori za 3GB zimezagaa. Nisubiri? 12GB zitashuka mpaka daraja la 70 la laptopu? Na kwa nini hasa wanatubania? Wale wa "nunua tu ya mezani" naomba wapite kimya. Mimi leo niko Dodoma, kesho saiti Kibaha.

#2 Dogo Gemu
Nunua tu ya mezani.

#3 Chuma cha Pua
@Dogo Gemu una roho mbaya.

Mkuu, kwanza tuweke sawa. Tetesi za Super zinahusu kadi za mezani: 5070 Super ya 18GB na 5080 Super ya 24GB. Za laptopu ni sisi tunaziunganisha humo kwa matumaini yetu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kila chipu ya memori ya GDDR (aina inayotumika kwenye kadi za grafiki) inaongea na kadi kwa biti 32. Kadi yenye njia ya biti 128 inabeba chipu nne, ya 192 inabeba sita, ya 256 nane. Kwenye kizazi cha GDDR6 chipu kubwa kuliko zote ilikuwa ya 2GB, kwa hiyo nne mara mbili unapata nane, umefika ukutani. GDDR7 ndiyo iliyoleta chipu ya 3GB. Samsung waliitangaza Oktoba 2024, na RTX 5090 ya laptopu inazitumia: chipu nane, 24GB, juu ya njia ileile ya biti 256 iliyokuwa kwenye 4090 ya laptopu yenye 16GB.

Sasa 5070 ya laptopu ni biti 128. Wabandike chipu nne za 3GB, inakuwa 12GB bila kugusa silikoni yenyewe (chipu kuu ya kadi). Wakitaka, lakini.

#4 Nyani Mzee
Hawatataka. Angalia wanavyopanga: 5050, 5060 na 5070 zote 8GB. Ukitaka 12 panda 5070 Ti. Ukitaka 16 panda 5080. Ukitaka 24 uza shamba. Kadi tatu mfululizo zenye memori sawa hazijatokea kwa bahati mbaya. Wakiipa 5070 12GB, nani atanunua Ti?

Halafu kuna wateja wa AI. Anayetaka memori nyingi siku hizi ana hela ya kampuni, na NVIDIA wanataka anunue RTX PRO, kadi zao za kazi, siyo laptopu ya gemu.

#5 Wa_Ngamiani
Mimi ni fundi wa bodi hapa Tanga, nawapa upande wa kwenye meza ya lehemu.

5060 na 5070 za laptopu zinatumia silikoni moja, GB206. Mtengenezaji wa laptopu anachora bodi moja, akiagiza hii au ile anaibandika palepale. 5070 Ti ni silikoni nyingine, GB205, ya biti 192. Hiyo ni bodi nyingine, chipu mbili zaidi, na umeme wa kuzilisha zaidi. Ukifungua mashine ukaondoa bomba za shaba unaona vizuri: silikoni ya kadi katikati, chipu za memori zimeizunguka kwa karibu mno, juu yake vipande vya mpira laini vya kupitisha joto. Kati ya memori na skrubu za feni hakuna pa kuweka hata kidole.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu muuza kadi, muulize muuza laptopu kwa nini anataka mashine iwe nyembamba hivyo.

#6 Msee wa Ngara
@Wa_Ngamiani heshima fundi, lakini hapo sikubali. GTX 1070 ya laptopu ilikuwa biti 256 na chipu nane. 2070 biti 256. 3070 biti 256. Kisha 4070 ikashuka ghafla mpaka 128. Nafasi ya chipu nane ilikuwepo miaka saba yote, mbona ikapotea 2023? Kwani bodi zilinyweshwa maji moto zikanywea?

#7 Dogo Gemu
Laptopu za 2016 ulikuwa ukiziweka mapajani unapoteza fahamu za miguu bro. Chaja yake peke yake ilihitaji begi.

Na tukubaliane, kadi ya laptopu siku zote ni ya mezani iliyokatwa miguu. Mnalalamika nini?

#8 Msee wa Ngara
Siku zote? 1070 ya laptopu ilikuwa na kore (viini vya kukokotoa) 2048, ya mezani ilikuwa na 1920. Ya laptopu ilizidi. Hiyo tabia ya jina moja na mashine mbili tofauti ilirudi baadaye. Leo 5090 ya laptopu ina kore 10,496 na 24GB, ya mezani ina 21,760 na 32GB. Silikoni ya 5090 ya laptopu ni GB203, ileile ya 5080 ya mezani. Jina ni la baba, damu ni ya mjomba.

#9 Dogo Gemu
Sawa mwalimu. Bado nunua ya mezani.

#10 Chuma cha Pua
@Msee wa Ngara kuhusu kilichotokea 2023: kuanzia kizazi cha Ada (kadi za 40) walikuza sana kache ya L2, memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya silikoni yenyewe. Hoja yao ni kwamba kadi ikipata data nyingi palepale ndani, haina haja ya kwenda nje kila mara, kwa hiyo njia nyembamba inatosha. Njia nyembamba ni silikoni ndogo, silikoni ndogo ni gharama ndogo na umeme mdogo. 3060 ya laptopu ilikuwa biti 192, 4060 ikawa 128, na bado 4060 inaipita 3060 kwenye gemu nyingi.

Ila kache inasaidia kasi, haiongezi ujazo. Mradi wa Lumion wenye miti mingi na vioo ukidai 10GB, kache haikuokoi.

Na @MchoraRamani, 8GB kwenye laptopu haikuanza na 1070. GTX 980M ya 2014 ilikuwa na toleo la 8GB. Lilikuwa daraja la 80, lakini ongeza hiyo kwenye machungu yako.

#11 Bi Mkunazini
Jamani mie sijui biti wala silikoni. Nahariri video za harusi hapa Unguja, laptopu yangu ina 4060 ya 8GB. Picha za 4K kutoka kamera mbili, naongeza kusafisha chengachenga za usiku, kidogo na rangi, DaVinci Resolve inanirushia ujumbe kwamba memori ya GPU, yaani ya kadi ya grafiki, imejaa. Bibi harusi ananipigia, mama yake ananipigia, shangazi yake yuko mlangoni.

Ninachofanya sasa nashusha ubora wa kazi uwe 1080 wakati wa kuhariri, narudisha 4K mwisho wakati wa kutoa. Na kusafisha chengachenga nafanya kipande kimoja kimoja, nakitoa, nakirudisha. Inakwenda, lakini inachosha.

Swali langu: dukani wananiambia kuna 3050 "mpya" ya 6GB kwa bei nafuu, nimpelekee msaidizi wangu. Ile ya zamani ilikuwa 4GB. Si bora?

#12 Chuma cha Pua
Bi Mkunazini, kuwa makini hapo. 3050 ya laptopu ya 4GB ilikuwa biti 128, chipu nne za 1GB. Ile ya 6GB iliyokuja baadaye ni biti 96, chipu tatu za 2GB. Kore wakaongeza kutoka 2048 hadi 2560, lakini njia wakaibana. Ghala limekuwa kubwa, mlango umekuwa mdogo. Kwa video bado nitachukua ya 6GB, maana 4GB utakwama kabisa, ila usiuziwe kama kadi mpya ya ajabu. 4050 nayo ni 6GB kwa biti 96, lakini ni kizazi cha mbele. Kama tofauti ya bei ni ndogo chukua hiyo.

#13 Bi Mkunazini
Ahsante mwanangu. Umesema vizuri hata mie nimeelewa.

#14 Kobe_Linux
Mimi naendesha modeli za lugha nyumbani bila intaneti, na huko ndiko utajua 8GB ni nini. Modeli ya vigezo bilioni 8 iliyobanwa kwa biti 4 inaingia kwenye kama 5GB, unabaki na nafasi ya mazungumzo. Ukipanda ya bilioni 14 unahitaji kama 9GB. Umezidisha moja tu! Sehemu iliyobaki inahamia RAM ya kawaida na maneno yanaanza kutoka moja moja. Kwa hiyo 12GB kwa watu kama mimi siyo anasa, ni mpaka kati ya kufanya kazi na kusubiri.

Ila nadhani mnaangalia mlango usio sahihi. AMD wana chipu ya Ryzen AI Max+ 395. Hakuna kadi ya pembeni kabisa, CPU na grafiki wanakula sahani moja ya memori ya LPDDR5X hadi 128GB kwa njia ya biti 256, na kwenye Windows unaweza kuipa grafiki mpaka 96GB. Iko kwenye ROG Flow Z13 na HP ZBook Ultra G1a. Apple wamefanya hivyo miaka mingi, chipu yao ya M4 Max inafika 128GB. Na Septemba NVIDIA wametangaza kuweka dola bilioni 5 kwa Intel, na watatengeneza pamoja chipu zenye grafiki za RTX ndani. Habari ya "laptopu ina VRAM ngapi" huenda ikafa yenyewe.

#15 Nyani Mzee
@Kobe_Linux usisahau kumwambia mwenzio kasi. Hiyo AI Max inapitisha 256GB kwa sekunde. 4060 ya laptopu nayo ni 256 kwa sekunde. Umepata ghorofa la 128GB, unapanda kwa ngazi za 4060. Na hiyo RAM imelehemiwa, ukinunua ya 32GB umenunua ya 32GB mpaka kufa.

#16 Kobe_Linux
Bora kupanda taratibu kuliko kulala nje, mzee. Modeli ya 40GB haiingii kwenye 5090 yako ya laptopu hata uiimbie.

#17 Nyani Mzee
Sina 5090. Nina Quadro (kadi ya kazi ya NVIDIA) ya mwaka wa mafuriko.

Turudi kwenye mada. Mnaosubiri 12GB mwaka 2026 mmesikia Micron? Mwezi huu wametangaza kuachana na Crucial, biashara yao ya RAM na SSD za watu wa kawaida, ili wahudumie vituo vya data. RAM zenyewe bei imeruka, ulizeni madukani. Viwanda vinavyotoa memori duniani ni vichache: Samsung, SK Hynix, Micron, na Wachina wanaokuja. Wakikimbilia HBM, memori ya kasi ya mashine za AI, sisi tunabaki na makombo. Na msidhani GDDR7 iko salama: NVIDIA wametangaza Rubin CPX, mashine ya vituo vya data, GPU moja ina 128GB za GDDR7. Piga hesabu ingetosha laptopu ngapi za 8GB.

#18 Msee wa Ngara
Kumi na sita.

#19 Nyani Mzee
Ahsante, lilikuwa swali la balagha.

#20 Chuma cha Pua
Mzee, shida ya memori ni kweli, lakini hii biashara ina historia ya kupanda na kushuka. Na kuna mfano wa karibu: RTX 3080 ya laptopu, 2021. Ilitoka ya 8GB na ya 16GB, njia ileile ya biti 256. Moja ilibeba chipu za 1GB, nyingine za 2GB. Hawakusubiri kizazi kipya, walibadilisha chipu tu. Ndiyo maana naona 5070 ya 12GB inawezekana wakati wowote, hata bila jina la Super. Kama si CES basi katikati ya mwaka.

#21 Wa_Ngamiani
Inawezekana, ila itakuja na bei. Na huo uhaba unaweza kuleta kinyume chake: chipu ya 3GB ikiwa adimu, wataipeleka kwenye kadi ya bei kubwa kwanza. Wewe ungekuwa na gunia moja la chipu, ungeweka kwenye 5070 au kwenye 5090?

Yaani wote mko sawa kidogokidogo na hakuna aliye sawa kabisa, mimi naendelea kulaumu wembamba.

#22 Mama Wawili
Wakati mnabishana biti, mimi niliuziwa laptopu duka moja hivi Kariakoo, karatasi imebandikwa "Graphics 12GB". Kufika nyumbani kijana wangu akafungua Task Manager, akaenda kwenye GPU. Chini pale kumeandikwa "Dedicated GPU memory" 4GB, na mstari mwingine "Shared GPU memory" kama 8GB hivi. Yule muuzaji alijumlisha! Nilirudi, akaniambia "mama, si jumla ni kumi na mbili?" Hesabu yake haina kosa.

#23 Dogo Gemu
😂😂😂 Hivyo basi 12GB zilishafika Tanzania zamani, MchoraRamani unasubiri nini?

#24 Chuma cha Pua
Huo mchezo upo sana. "Shared" ni RAM ya kawaida ya mashine ambayo Windows inaruhusu kadi iazime ikizidiwa, na kwa kawaida ni nusu ya RAM yako. Mashine ya RAM 16GB itaonyesha kama 8 bila kujali kadi. Hata dxdiag, zana ya Windows ya kuonyesha sifa za mashine, nayo inatoa jumla, kwa hiyo usiishie kwenye namba ya kwanza unayoiona. Mwambie muuzaji afungue Task Manager mbele yako, angalia "Dedicated" tu.

Na jambo la pili ambalo linaumiza kuliko VRAM: wati. 5070 ya laptopu inaruhusiwa kati ya wati 50 na 100, mtengenezaji anachagua. Stika ni moja. 4060 ilikuwa 35 mpaka 115! Fungua Command Prompt, andika nvidia-smi, kwenye jedwali utaona kikomo cha wati. Mashine nyembamba ya 8GB kwa wati 50 na nene ya 8GB kwa wati 100 hazifanani hata kidogo.

#25 MchoraRamani
Hii ya wati sikuwahi kuambiwa na muuzaji yeyote. Kwa hiyo swali langu linageuka: bora 5070 Ti ya 12GB yenye wati kidogo, au 5070 ya 8GB yenye wati nyingi?

#26 Chuma cha Pua
Kwa Lumion, Ti. Picha ikichelewa dakika mbili utakunywa chai. Memori ikijaa mradi haufunguki.

#27 Msee wa Ngara
Mimi naona 5070 kwa sababu bei ya Ti hapa Nairobi ni matusi. Anaweza kupunguza ukubwa wa picha za miti na majani kwenye mradi, wachoraji wanafanya hivyo kila siku.

#28 Wa_Ngamiani
Wachoraji wanafanya hivyo kwa sababu hawana memori, siyo kwa sababu wanapenda.

#29 Dogo Gemu
Fundi, si umbandikie tu chipu za 3GB kwenye 5070? Nimeona video, jamaa wa Brazil wameigeuza 3070 kuwa 16GB.

#30 Wa_Ngamiani
3070 inakubali kwa sababu chipu za 2GB zilikuwa zinatambulika, unabadilisha chipu zote nane na vipinga vidogo vinavyoiambia kadi imebeba memori gani. Hata hivyo watu wamepambana nayo, nyingine zinazima skrini mpaka ubadilishe mpangilio wa umeme. 5070 mpya yenye dhamana siigusi. Ukiniletea iliyokufa tayari, tutazungumza.

Anayetaka kubadilisha kadi bila kulehemu kuna Framework Laptop 16. Kadi ni kipande kinachochomoka nyuma, mwaka huu wametoa cha RTX 5070 kwa dola 699. Sasa nadhani kila mtu humu anajua kina GB ngapi.

#31 Kobe_Linux
Nane. Hata walioondoa ukuta wamekutana na ukuta.

#32 Mpemba_Dubai
Assalaam aleikum. Nimesoma uzi wote, MchoraRamani unahangaika na mpya za nini? Huku mashine zilizotoka maofisini ni nyingi. Tafuta Dell Precision 7760 yenye RTX A5000 ya laptopu: 16GB, biti 256, kizazi kimoja na 3080. Au kama mfuko umebana zaidi, za 2019 zenye Quadro RTX 5000, nazo 16GB. Revit na Lumion haziulizi mwaka wa kuzaliwa.

Ubaya wake: ni nzito, betri mara nyingi imechoka, na chaja yake usikubali kopi, zile mashine zinaitambua na kushusha nguvu.

#33 Nyani Mzee
Huyu ndiye wa kwanza kusema kitu cha maana tangu mimi.

#34 MchoraRamani
@Mpemba_Dubai wa aleikum salaam. A5000 nimeiona mahali lakini muuzaji aliandika A4000 kwenye picha moja na A5000 kwenye nyingine. Nitofautishe vipi bila kuwepo?

#35 Mpemba_Dubai
A4000 ya laptopu ni 8GB, A5000 ni 16. Mwambie akutumie video, siyo picha: aanze na stika ya chini yenye namba ya mashine, asikate, aiwashe, afungue Task Manager mpaka kwenye GPU, na aendeshe nvidia-smi. Akikataa hana mashine. Na muulize kibodi, nyingi za huku zina herufi za Kiarabu pembeni. Hazizuii kazi, na wengine wanapunguza bei kwa sababu hiyo.

#36 Dogo Gemu
Kibodi ya Kiarabu na Revit, mteja atajua umesomea Cairo.

#37 Bi Mkunazini
Hiyo ya kibodi ya Kiarabu mie naitaka. Mpemba, niandikie pembeni, na useme kama inakuja na chaja yake.